Mita Ngapi Zinatosha kwa Nyati?

Tulitoka Kampala alfajiri, kabla ya foleni ya Busega, tukashika barabara ya Masaka. Mwenyeji wangu alikuwa ameshakamilisha vibali vyake vya kuwinda kwenye ofisi za Mamlaka ya Wanyamapori, Kamwokya. Uganda ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1979. Ukaruhusiwa tena kwa majaribio mwaka 2001, kwenye malisho yanayozunguka Hifadhi ya Ziwa Mburo. Huko ndiko tulikokwenda. Tukavuka Ikweta pale Kayabwe, tukapita Masaka na Lyantonde.

Jioni tulimkuta nyati dume kando ya kichaka cha migunga. Kipimo cha umbali kilionyesha mita 160.

"Inafika," mwenyeji wangu alinong'ona.

Mfuatilia nyayo, mzee wa Kinyankole, alitikisa kichwa. "Risasi inafika, ssebo. Mkono wako je?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo zima. Moyo na mapafu ya nyati ni shabaha yenye upana wa kama sentimita 30, chini nyuma ya bega. Mtikisiko unaopotosha risasi sentimita 5 kwenye mita 50 huipotosha sentimita 20 kwenye mita 200, na hapo umeshatoka nje ya shabaha. Umetembea kutwa, unahema, moyo unadunda, bunduki imeegemea fimbo tatu tu. Nyati naye akipiga hatua moja wakati risasi iko njiani, inampata tumboni. Ataingia kichakani na maumivu yake, na atakayemfuata humo ni huyu mzee.

Walter Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita, aliwaua zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki ya risasi ndogo. Idadi hiyo inaniuma. Lakini alichunguza mafuvu yao ajue ubongo ulipo, na alisogea karibu kabla ya kufyatua.

Nasi tukasogea, upepo ukitupiga usoni, tukitambaa nyasini hadi mita 70. Mwenyeji wangu akalenga. Jike likapita mbele ya dume, likasimama hapo hapo mpaka giza likaingia. Akashusha bunduki, na mzee akampa mkono.

Wewe unayejiandaa kwenda Mburo, nenda kwanza uwanja wa shabaha. Piga ukiwa umesimama, umechoka, unahema. Umbali ambao risasi zako zote zinaingia kwenye duara la sentimita 20 ndio mpaka wako; kwa nyati, upunguze tena.