Garimoshi Lisilo na Moshi

Majina ya vyombo huchelewa kufa. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, Kiswahili kilikitazama chombo kile kigeni, kikaona jambo lililojitokeza mbele ya mengine yote, nalo ni moshi. Basi kikalichukua neno gari, kikalifunga pamoja na moshi, likazaliwa garimoshi. Baadaye mioto ya vichwa vya mvuke ilizimwa, vikaja vichwa vya dizeli, lakini jina halikubanduka. Vivyo hivyo neno taruma, ambalo kwa mabaharia ni ubao wa kuimarishia chombo, lilipanda bara likawa gogo la kulazia reli. Neno behewa nalo, ambalo hapo awali lilikuwa sehemu ya ndani ya nyumba za pwani, likapewa magurudumu.

Huko Turkana maneno hayo yalifika, chombo chenyewe hakikufika. Stesheni iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa Kitale, ambako tawi la reli lilifika mwaka 1926, nako ni takriban kilomita 300 kutoka Lodwar. Hadi leo, mtoto wa Lodwar hujifunza neno garimoshi kama anavyojifunza neno theluji: hulitamka sawasawa, huliandika bila kosa, huliwekea wingi wake wa magarimoshi, lakini macho yake hayajapata kuliona.

Katika mji huo, si mbali na Mto Turkwel, anaishi mzee mmoja aliyekula mkate wake wote kutokana na reli. Aliondoka nyumbani angali kijana, akapanda lori hadi Kitale, na kutoka Kitale akapanda treni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nairobi aliajiriwa kama msaidizi wa fundi katika karakana ya vichwa vya treni, akawa mkazi wa landhi za Muthurwa, zile nyumba ambazo reli iliwajengea wafanyakazi wake. Aliingia kazini wakati wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na Shirika la Reli la Kenya kuundwa mwaka uliofuata, alibaki pale pale, chini ya vichwa vile vile, akiwa na spana zile zile. Kiswahili chake alikipata humo. Si Kiswahili cha darasani wala cha barazani, bali ni Kiswahili cha spana: lugha ambayo Mluhya, Mkamba, Mjaluo, Mhindi na Mturkana walikuwa wakielewana nayo huku vichwa vyao vikiwa ndani ya injini.

Alipostaafu alirejea Lodwar na sanduku la bati. Ndani ya sanduku hilo, pamoja na hati zake za kazi, mlikuwa na garimoshi dogo la mfano, alilopewa na mhandisi mmoja wa kigeni siku ya kuagana. Kichwa chake kilitengenezwa na kampuni ya Athearn ya California mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni mfano wa F7, kichwa cha dizeli kilichoundwa Marekani kati ya mwaka 1949 na 1953 na ambacho kilikuwa na nguvu za farasi 1,500. Mfano huo umepunguzwa mara 87, hata urefu wake ni takriban sentimita 18 tu. Unalala kiganjani kama mjusi.

Mzee huyo ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kile alichokuwa akikiona kwa mbali kimekuwa ukungu, na kile kilicho karibu kimekuwa kivuli. Binti yake, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi kambini Kakuma, alipokuja nyumbani wakati wa likizo alikuta baba ametoa garimoshi lile sandukuni, analipapasa paa kwa kidole gumba.

"Mwanangu," mzee akasema, "nataka lizunguke ningali nikiona kivuli chake."

Hilo ndilo lililokuwa shauri, nalo halikuwa dogo. Miaka ya joto la Lodwar ilikuwa imefanya kazi yake. Grisi ya mota ilikuwa imeganda ikawa kama sandarusi. Reli za mfano, ambazo ni za shaba ya manjano, zilikuwa zimeshika weusi, na weusi huo haupitishi umeme vizuri. La kusikitisha zaidi, vijikanda vya mpira vilikuwa vimekauka vikakatika vipande vipande. Katika vichwa hivyo vya kale vya Athearn, nguvu haitoki kwenye mota kwenda kwenye magurudumu kwa gia. Mhimili mrefu hupita katikati ya kichwa, na vijikanda vya mpira huuunganisha na ekseli za chini. Mpira ukifa, mota huzunguka bure na magurudumu yakatulia.

Hivyo wawili hao walianza kazi ambayo kila mmoja peke yake asingeiweza. Binti alikuwa macho na vidole. Baba alikuwa maarifa. Baba aliuliza, binti akatazama na kujibu. Brashi za kaboni zimelika kiasi gani? Springi zake zinasukuma au zimelegea? Sumaku ina chembe za chuma zilizonasa? Grisi ilitolewa kwa kijiti na pamba iliyochovywa katika spiriti. Reli zilisuguliwa kwa raba ya penseli, kipande kwa kipande, hadi manjano ikatokeza. Mafuta ya cherehani yalitiwa kwa ncha ya sindano, tone moja kila upande, kwa sababu mafuta na mpira ni mahasimu: tone likizidi, mpira huteleza, kisha huoza.

Kazi ilipofikia kwenye mipira, palizuka mzozo. Mzee alitaka vijikanda vya asili, vile vile vya kiwandani. Binti alizunguka maduka ya Lodwar akarudi na pakiti ya vimpira vya kusukia nywele za watoto.

"Kichwa cha dizeli kivutwe na raba za nywele?" mzee akahamaki. "Hilo si garimoshi tena, hilo ni sinema."

Binti hakubishana. Aliuliza tu, kwa adabu, kama vichwa alivyokuwa akivitengeneza Nairobi vilistaafu na magurudumu yale yale vilivyokuja nayo. Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu. Alijua jibu vyema kuliko yeyote. Gurudumu la treni hulika kwa kusuguana na reli. Huchongwa upya katika mashine, huchongwa tena, na likifika kikomo chake hutolewa, likatiwa jingine. Brashi za mota hubadilishwa, fani hubadilishwa, mabomba hubadilishwa. Kichwa kikifanya kazi miaka thelathini, sehemu nyingi ndani yake si zile kilichozaliwa nazo, na bado mafundi hukiita kwa namba yake ile ile, hukijua tabia zake, na hukizungumzia kama jamaa yao.

"Tia raba za nywele," mzee akasema hatimaye. "Lakini zisipindane."

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa vyombo vya kale hugombania kote duniani. Kuna wanaoamini kwamba kuhifadhi ni kukiacha chombo kama kilivyo, ndani ya kioo, kisiguswe. Kuna wanaoamini kwamba chombo cha mwendo kisichokwenda kimekwisha kufa, hata kama kinang'aa. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana vichwa vya mvuke vya aina ya Garratt vyenye majina ya milima ya Afrika Mashariki, na mtazamaji hustaajabia ukubwa wake. Mzee yule alivijua vyuma vya aina hiyo, lakini hakuvililia. Kwake yeye, mvuke ni chombo cha nchi yenye maji. Kichwa cha mvuke hunywa kuliko kundi zima la ngamia, na Turkana maji ni ya kuchimba kwa mikono katika mchanga wa mto uliokauka. Kama reli ingefika kwao, alisema, ingeletwa na dizeli.

Aidha, alipenda dizeli kwa sababu aliielewa kwa mfano wa nyumbani. Watu wengi hudhani kwamba injini ya dizeli ndiyo inayozungusha magurudumu ya treni moja kwa moja kama ilivyo katika lori. Katika vichwa kama F7, au vile vya English Electric ambavyo Afrika Mashariki ilianza kuvipokea mwaka 1960, sivyo. Injini huzungusha jenereta, jenereta huzalisha umeme, na umeme huo ndio unaoziendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa maneno mengine, kichwa cha dizeli ni kituo cha umeme kilichotiwa magurudumu. Wakazi wa Lodwar, ambao kwa miaka mingi taa zao ziliwashwa kwa jenereta za dizeli, hawahitaji maelezo zaidi. Kituo wanakijua, kilichokosekana ni magurudumu.

Siku ya majaribio, waya mbili zilitolewa kwenye betri ya sola ya volti 12, kwa kuwa volti hizo ndizo zinazotakiwa na garimoshi la mfano la aina hiyo. Binti aligusisha waya. Kichwa kikachomoka kama mwanambuzi aliyefunguliwa kamba, kikaikosa kona, kikaanguka juu ya mkeka. Mzee alicheka hadi akakohoa. Vichwa vya vijikanda vya mpira vilisifika kwa kasi na kulaumiwa kwayo: havijui kuanza polepole. Betri ya volti 12 ikawekwa kando, ikaletwa ya volti 6 iliyotolewa katika taa ya sola. Safari hii kichwa kilitetemeka kidogo, kikasogea, kikashika kona, kikazunguka meza. Mzee aliinamisha uso karibu na reli, akaweka ncha ya kidole juu ya ubao ili ausikie mtikisiko. Hakusema neno hadi mzunguko wa kumi na mmoja, alipouliza kama taruma zote zimekaa sawa, maana alihisi mruko mdogo upande wa kushoto. Binti alitazama. Kweli, kiungo kimoja kilikuwa kimeinuka kwa unene wa ukucha.

Likizo ilipokwisha, binti aliomba ruhusa ya kulipeleka garimoshi Kakuma, umbali wa takriban kilomita 120, ili wanafunzi wake walione lile neno lililomo vitabuni mwao. Mzee alisita usiku kucha. Asubuhi alilifunga mwenyewe kwa kitambaa, akalitia katika kikapu cha mkoma.

Kuhusu Kakuma, wageni wengi wameandika kwamba jina hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwa popote. Mwanafunzi wa Kiswahili afungue kamusi yoyote. Hatalikuta neno hilo. Ni maana iliyobunwa, ikapendwa kwa sababu ilifaa masimulizi kuhusu kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 katika nchi kame, ikapokea watu kutoka Sudan, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko. Lakini mahali ambapo watoto huzaliwa, husoma na kufanya mitihani ni mahali, hata kama ramani ya mtu wa mbali haipatambui.

Watoto wa Kakuma ni mafundi kwa kuzaliwa. Makopo ya mafuta ya kupikia ya mgao hugeuka malori mikononi mwao, na vizibo vya chupa huwa magurudumu. Hivyo, garimoshi lilipozunguka mara chache, mvulana mmoja aliyetoka Kongo, ambaye mama yake aliwahi kufanya biashara karibu na stesheni ya Kalemie, alitangaza kwamba kichwa peke yake si treni. Kesho yake alileta behewa la kopo lenye vizibo vinne na ekseli za waya. Lilipowekwa kwenye reli, kila kitu kilisimama. Mwalimu alieleza: katika garimoshi la mfano, reli moja huleta umeme na ya pili huurudisha, waya ule wa ekseli ulikuwa umeziunganisha, umeme ukapita njia ya mkato. Mvulana alitafakari, akatoka nje. Aliporudi, ekseli zilikuwa vijiti vya mswaki. Behewa likavutwa.

Kwenye ubao, watoto waliandika stesheni kwa chaki. Mwalimu alikuwa amewaeleza kuhusu mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012, ambao ramani yake inachora reli kutoka Lamu kupitia Isiolo na Turkana hadi mpaka wa Sudan Kusini. Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli mwaka 2021. Reli ya Turkana ingali mstari wa karatasini. Hata upana wa reli zile ndogo, milimita 16.5, ukizidishwa mara 87 ni takriban milimita 1,435, upana ule ule wa reli mpya iliyozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017. Watu wa nchi zenye reli za kale huendesha magarimoshi ya mfano ili wakumbuke kilichopita. Watoto hawa walikuwa wakiendesha kitu ambacho hakijafika. Waliandika: Lamu, Isiolo, Lokichar, Lodwar, Kakuma, Lokichogio, Nakodok. Vumbi lilifuta majina kila usiku. Nao wakayaandika upya kila asubuhi.

Jioni moja mwalimu alimpigia baba yake simu, akaiweka karibu na reli ili mzee asikie mvumo wa mota na kelele za kopo.

"Hiyo kelele nyingine ni nini?" mzee akauliza.

"Ni behewa, Baba. Limeundwa huku."

Kimya kikapita. "Na sasa limefika wapi?"

Mvulana wa Kongo alijibu kabla ya mwalimu: "Limefika Kakuma, mzee."

"Basi likae huko," mzee akasema. "Ila msilifungie kabatini. Na magurudumu yapanguseni kila siku, maana vumbi la huko halina adabu."