Kapasita Ndogo

Televisheni ya chogo ya nyumba ya mchungaji iliharibika: picha ilijikunja ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo. Tuliifungua wawili, mchungaji na mzee wa kanisa aliye fundi redio.

Tukahukumu mapema: aisii ya kutanua picha imekufa. Tukaondoa kwanza umeme unaobaki kwenye kioo hata baada ya kuzima, tukabadilisha aisii. Mstari ukabaki palepale.

Ndipo tukapima kifaa kimoja kimoja. Ubovu ulikuwa kwenye kapasita ndogo, jirani na bati la kupoza aisii. Haikuvimba wala kuvuja. Kwa macho ilikuwa nzima, kumbe joto la miaka mingi lilikuwa limeikausha ndani.

Tulitazamana. Juma lile, barazani, tulikuwa tumemshuku mtunza hazina, kwa kuwa sadaka ya mavuno ilipungua kwenye hesabu. Hatukupima, tulihukumu. Usiku ule tulipekua mkoba wa ibada tuliokwenda nao mtaani. Bahasha ilikuwa humo. Tuliipokea wenyewe, tukaisahau.

Asubuhi tulibisha hodi kwake kuomba radhi. Alitusamehe, ila alisema, "Baba mchungaji, nawe mzee, mngeniuliza kwanza." Tukaungama tena barazani, mbele ya wote waliotusikia tukimshuku.

Televisheni sasa inaonyesha vizuri. Nasi tunajifunza kuomba kama Daudi katika Zaburi ya 139: Mungu atuchunguze sisi kwanza, hata tunapoonekana wazima.