Mashine Iliyokataa Kuamka

Wakaao kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kigoma, wanajua ya kuwa njia yao kuu ni maji. Milima ya Gombe imeshuka mpaka ukingoni, na mtu wa Mwamgongo atakaye kwenda mjini hupanda mashua ya mbao yenye mashine nyuma, akashukia Kibirizi.

Alfajiri moja ya kiangazi tulipanda mashua ya namna hiyo, watu kumi na wawili. Kati yetu alikuwamo mama mja mzito, ambaye mganga wa zahanati alimwandikia barua aende hospitali siku ile ile. Mashine ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka. Nahodha, naye ni kijana, akavuta kamba mara nane, ikaamka. Tukaondoka kwa furaha.

Hatukwenda mbali. Mbele ya msitu wa Gombe mashine ikapunguza sauti, ikazimika. Nahodha akavuta kamba mpaka jasho likamtoka, isiitike. Tulipokwisha kungoja kitambo, ikaamka kwa mvuto mmoja, ikaenda kidogo, ikafa tena. Wakati huo upepo wa kusini ulikuwa umeanza. Mashua ikageuka ubavu, mawimbi yakaturudisha tulikotoka, na maji yakaingia miguuni petu. Mmoja akasema mashine imerogwa. Mama yule alishika ubao, wala hakusema neno.

Ndipo mzee mmoja mvuvi akasema, "Mwanangu, acha kamba. Mashine hii yataka vitu vitatu: petroli, hewa na cheche. Tuvitafute kimoja kimoja."

Akawakataza watu kuwasha sigara. Akafungua plagi, akaitazama: kavu. Akasema, "Ingalikuwa imelowa, tungalijua petroli imezidi. Lakini hii ni kavu; petroli haifiki." Akaufuata mpira wa petroli kwa vidole mpaka kwenye kipira cha kuminyia, kilikuwa kimenywea, hakijai tena. Akalegeza kifuniko cha tangi, nasi sote tukasikia hewa ikiingia, fyuu!

Kumbe kifuniko kile kina tundu dogo la kupitisha hewa. Juzi yake kilikuwa kikivuja, na nahodha akakipaka sabuni ili asipoteze petroli. Sabuni ikakauka tunduni. Basi petroli ilipopungua, hewa haikuweza kushika mahali pake, na mashine ikakosa chakula. Kila ilipopumzika, hewa kidogo ilipenya, ikaamka na kutudanganya.

Mzee akalizibua tundu kwa mwiba wa samaki, akarudisha plagi, akaminya kipira mpaka kikawa kigumu. Mvuto wa pili mashine ikanguruma, wala haikuzimika tena mpaka Kibirizi. Mama akapelekwa hospitali, na jioni tukasikia ya kuwa amejifungua salama.

Tulipokuwa tukishuka, mzee akatukumbusha habari ya meli Liemba. Wajerumani walipoizamisha ziwani humo mwaka 1916, mafundi wake walikwisha kuipaka mitambo grisi nzito. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. "Chuma hakimchukii mtu," akasema, "bali hukumbuka alivyotunzwa."

Basi ninyi mlio na mashine kuukuu, ikikataa kuamka msikimbilie kamba, wala msiivunjevunje yote. Anzeni na tundu la hewa. Kisha kipira na mpira wake. Kisha tazameni kama maji yameingia katika petroli, au kama petroli imekaa siku nyingi mno. Kisha plagi, kama ni safi. Wala msibadili mambo mawili kwa mara moja, maana hamtajua lipi lililoponya. Na mtu akitengeneza kitu leo, akumbuke alichofanya. Kwa maana ubovu wa kesho mara nyingi hutoka katika matengenezo ya jana.

Nahodha yule hakuona haya kuambiwa mbele ya abiria. Tulipopanda tena mashua yake juma la pili, kabla hajagusa kamba tulimwona akiinamia tangi, akilichungulia tundu.