Namwona

Kwa miaka mingi neno lililonituliza redioni lilikuwa moja: "namwona." Hewani tulisema Kiingereza, kwa hiyo halikuja kwa sauti hiyo, lakini maana ndiyo hiyo. Unamwambia rubani kuna ndege mbele yake, anatafuta, anajibu kwamba ameiona, nawe unashusha pumzi. Kuanzia hapo kujitenga na ndege ile ni juu yake, kwa macho yake mwenyewe.

Nilianza kazi ya kuongoza ndege mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kiwanja cha pwani ambacho sitakitaja. Mnarani hatukuwa na rada. Tulikuwa na vioo pande zote, darubini, redio, na vipande vya karatasi, kila kimoja ndege: jina lake la redioni, aina yake, kimo, saa ya kufika. Kwa karatasi hizo tulizitenganisha ndege. Mbili zilizofuatana katika njia moja na kimo kimoja tuliziachanisha kwa dakika 10, la sivyo moja ilikaa futi 1,000 juu ya mwenzake. Ni utaratibu salama, ila hauna haraka. Asubuhi ya msimu wa watalii, ndege ndogo sita zikija kwa pamoja, ukizipa zote dakika hizo ya mwisho itazunguka hewani karibu saa nzima.

Hapo ndipo macho yalipotuokoa. Taratibu za kimataifa zinakubali kwamba karibu na kiwanja nafasi hiyo ipunguzwe, ikiwa mwongoza ndege anaziona zote mbili bila kuzipoteza, au marubani wanaonana, au aliye nyuma anamwona wa mbele na anaweza kukaa mbali naye. Sikuona ubaya wake, na hadi leo sisemi ni jambo baya. Bila hilo viwanja vidogo visingepumua.

Tena nilijiona hodari wa kutazama, kwa sababu nilifundishwa na mjomba wangu, nahodha wa jahazi. Alinikalisha tezi akanionyesha tanga la mbali. "Mpwa wangu, chombo kinachosogea mbele ya mlingoti wetu hakina neno nasi. Kikiganda pale pale huku kinakua, huyo anakuja kwako." Miaka kadhaa baadaye darasani mkufunzi akatuambia jambo lile lile kuhusu ndege: ile utakayogongana nayo haitembei kwenye kioo chako. Inabaki nukta tu, na jicho la mwanadamu hushtuliwa na kinachotembea. Ndege mbili ndogo zikielekeana, kila moja noti 150, zinamaliza kilomita 9 kwa dakika moja. Jahazi lilimpa mjomba muda wa kumaliza kahawa yake.

Alasiri moja katika miaka ya 1990 nilimwambia rubani aifuate ndege iliyo mbele yake inayokuja kutua. Akajibu anaiona. Jua lilikuwa limeshuka upande wa magharibi, naye alikuwa akija kutoka mashariki, likimpiga usoni. Nikageukia mambo mengine. Niliporudisha darubini, ndege mbili nyeupe zilikuwa zikikaribia kuwa doa moja, ya juu ikiishukia ya chini. Nikampigia kelele apande na akate kulia. Akapanda. Zilikosana kwa nafasi ambayo sikuipima wala sikutaka kuipima.

Jioni alipanda ngazi za mnara, shati limelowa. "Kaka, wallahi nilimwona." Na hakusema uongo. Mbele yake kulikuwa na ndege mbili za aina moja na rangi moja. Aliona ile ya mbali, iliyokuwa ikiondoka. Niliyoikusudia mimi ilikuwa chini ya pua ya ndege yake.

Nilikosa usingizi. Shuleni tulisoma habari za San Diego, 25 Septemba 1978, Boeing 727 ilipogongana na Cessna 172 wakafa watu 144. Marubani wa Boeing walikuwa wameripoti kwamba wanaiona Cessna, kisha wakaipoteza. Nilizisoma kama swali la mtihani. Sasa nilizisoma upya, mara tatu, na tangu siku ile sikupokea tena "namwona" tupu. Nilimtajia rubani aina, rangi, upande na kimo, kisha nikamuuliza: inaelekea wapi? Baadhi ya wenzangu waliona naijaza redio maneno.

Mwaka 2018 nchi ikaanza mradi wa rada nne, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ndege kubwa nazo zilikuwa na TCAS, kifaa kinachowaamuru marubani panda au shuka zinapokaribiana mno. Nilistaafu nikiamini macho yamestaafu pamoja nami.

Haikuwa hivyo. Tarehe 29 Januari 2025, usiku, helikopta ya jeshi iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikitua Washington, wakafa watu wote 67. Rada ilikuwepo. Helikopta iliambiwa kuna ndege, ikajibu inaiona, ikaomba kujitenga nayo kwa macho. Mara mbili. Mbele yao kulikuwa na taa za ndege zaidi ya moja. TCAS ya ndege ya abiria ilionya, lakini karibu na ardhi kifaa hicho hakitoi amri ya kupanda wala kushuka. Wachunguzi walikuta kwamba mahali pale njia ya helikopta na njia ya kutua zingeweza kupishana kwa futi 75 tu. Niliposoma habari hiyo niliisikia sauti ya yule kijana kwenye ngazi.

Siku hizi mimi huitwa mara mojamoja kuzungumza na wanafunzi wa kazi yetu. Huwapeleka dirishani nikawaambia: kuna ndege inakuja, aliyeiona anyooshe kidole. Mara ya mwisho walikuwa saba, na wote saba walinyoosha. Nikasimama nyuma yao, nikafuata vidole kimoja kimoja. Vitano vilielekea ndege iliyokuwa ikija. Viwili vilielekea ile iliyokuwa ikiondoka.