Marubani mnawalaumia nini?

Wasee, dereva wa lori hapa Malaba akiona geji inasema tangi limejaa, na ametoka Mombasa bila kuongeza mafuta, anashuka anachovya kijiti. Haamini tu.

Sasa cheki Ethiopian Airlines, 10 Machi 2019, Addis Ababa kuja Nairobi. Watu 157, zaidi ya 30 wakiwa Wakenya wetu. Visanduku vyeusi vilisomwa Ufaransa: sensa ya kushoto ilidai ndege inakabili hewa kwa pembe ya nyuzi 74.5. Ya kulia ilisoma karibu 15. Kompyuta ya hiyo Boeing 737 MAX ikasikiza ya kushoto pekee, ikasukuma pua chini, ikarudia. Dakika sita hivi, kwisha. Na Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia vivyo hivyo chini ya miezi mitano kabla, watu 189!

Bado kuna watu hupenda kusema marubani hawakujua kazi. Manze, walizima umeme wa ule mtambo kama walivyoelekezwa, wakajaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono, likakataa. Kasi ilikuwa imelibana. Mimi niliacha uni, lakini swali langu ni rahisi: nani alipitisha mchoro wa kuuliza sensa moja wakati ndege inabeba mbili? Siku hizi programu inasoma zote, na zikipishana sana inajizima.