Kibuyu Chirizi

Amri ya kunawa mikono ni nyepesi kinywani mwa mwenye mfereji nyumbani. Ugonjwa wa korona ulipotangazwa kuingia Kenya, tarehe 13 Machi 2020, wengi walikuwa wakinunua maji kwa mtungi wa lita 20. Na maji hayo hayo ndiyo ya kupikia, kufulia na kunawa. Basi walitundika kibuyu chirizi: mtungi mdogo uliotobolewa, ukatiwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, mtungi huinama, maji huchirizika kidogo, wala mkono haugusi kitu ila sabuni. Chombo hiki hakikubuniwa mwaka ule. Vijijini kilikwisha kuzoewa kando ya vyoo. Ndiyo sababu kilipatikana upesi.

Njaa haikuwa na chombo chepesi namna hiyo. Kuanzia tarehe 27 Machi ilikatazwa kutoka nje tangu saa moja jioni, saa ambayo muuza samaki wa kukaanga hupata wateja. Ungemshauri nini? Tegemeo lake lilikuwa chama, yaani fedha walizochanga wanawake wenzake tangu siku za afya. Aliyepewa sehemu yake alinunua unga kwanza, kisha sabuni.