Mwenye Hadithi ni Nani?

Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya Isha, wanangu walikhitilafiana hata wakakaribia kununiana. Sababu haikuwa chakula wala simu, bali filamu. Tulikuwa tumemaliza kutazama Bacheha-ye Aseman, yaani Watoto wa Mbinguni, filamu ya Kiirani ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Majid Majidi. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 13, alikata shauri kwamba steringi ni Ali. Dadake, wa miaka 10, akasema la, steringi ni Zahra. Wakanigeukia mimi niwaamue, kwa kuwa mimi ni mwalimu, na mwalimu kwa wanawe ni kadhi asiye na likizo.

Najua wako miongoni mwenu watakaouliza filamu zimeingiaje katika ukurasa huu. Nawaomba subira. Hii ni filamu ambayo mtu aweza kuitazama ameketi na mama mkwe wake bila ya kuinamisha uso.

Kwa wasioiona, kisa chenyewe ni chepesi. Ali, mtoto wa miaka 9 katika mtaa wa wanyonge mjini Tehran, amekwenda kwa fundi kuchukua viatu vya dadake mdogo, Zahra, vilivyokuwa vikishonwa. Njiani anapita dukani kununua viazi, anaviweka viatu kando, na mtu akusanyaye makorokoro anavizoa bila ya kujua. Baba hana kitu, kodi ya nyumba imelimbikizana, mama anaumwa na mgongo na ana mtoto mchanga. Ali anamsihi Zahra asiseme. Basi wanashirikiana raba moja kuukuu ya Ali: Zahra anaivaa asubuhi, akitoka shule anakimbia hadi kichochoroni, wanabadilishana, naye Ali anakimbia kwenda masomo ya mchana. Baadaye yanatangazwa mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba. Ali anajiandikisha ili awe wa tatu. Kwa bahati mbaya, anashinda.

Hoja ya mwanangu wa kiume ilikuwa ndefu. Ali ndiye aonekanaye zaidi, ndiye akimbiaye, ndiye apigwaye picha na kikombe huku machozi yakimtoka. Hoja ya dadake ilikuwa swali la maneno matatu: “Viatu vya nani?”

Sikuwa na jawabu. Niliwaambia wakalale.

Katika utoto wetu suala hili lilikuwa na kanuni moja tu: steringi hafi. Kisha tukaiona Sholay, ya mwaka 1975, kwa kanda ya video ya kuazima, nyumba nzima na majirani wamejazana ukumbini. Humo Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, anakufa, na Veeru wa Dharmendra anabaki hai. Kanuni yetu ikavunjika. Wakawako waliosema basi steringi ni Veeru, na wakawako walioapa kwamba Amitabh ni steringi hata akiwa maiti. Mjomba wetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitwambia kwamba sote twakosea. Mwenye kisa, alisema, ni Thakur, yule mzee aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar. Hao vijana wawili ni watu wa kuajiriwa tu, wamekuja kumtekelezea haja yake. Tulimcheka sana. Mzee asiye na mikono, haimbi, hapandi pikipiki, atakuwaje steringi?

Usiku ule nikiwa kitandani niliona kwamba mjomba alikuwa na hoja, na kwamba ndiyo hoja ile ile ya binti yangu. Alikuwa hatazami nani anarukaruka mbele ya macho yetu. Alikuwa akiuliza haki iliyopotea ni ya nani.

Kesho yake, nyumba ilipokuwa tupu, niliirudia filamu peke yangu. Jambo la kwanza lililonigonga ni kwamba filamu haianzi na Ali. Inaanza na mikono ya fundi ikishona kiatu kidogo cha kike, cha rangi ya waridi, na tunakitazama kwa muda mrefu. Hatujamwona mtoto yeyote bado, ila kiatu cha Zahra tumekwisha kukijua.

Jambo la pili ni usiku ule wa kwanza wa msiba wao. Wamekaa chini wakidurusu, wazazi wapo pale pale, nao wanazungumza kwa kuandikiana daftarini. Zahra anatishia kusema kwa baba. Ali anamwandikia kwamba baba hana pesa za kununua vingine, kisha anampa penseli kama hongo. Mara ya kwanza nilipoiona sehemu hii nilicheka. Mara ya pili sikucheka, kwani niliona kwamba tangu hapo hadi mwisho filamu yote iko mkononi mwa yule binti. Neno moja tu kwa baba yake, na hadithi imekwisha. Hakuna tena kukimbia vichochoroni wala mashindano wala picha ya ushindi. Siku raba inapomtoka mguuni ikachukuliwa na maji ya mtaro, naye akawa anaifukuzia, angaliweza kusema. Akiwa shuleni anaitazama miguu ya wenziwe na kuificha yake, angaliweza kusema. Hasemi. Ali anakimbia, ni kweli, lakini anakimbia ndani ya nafasi aliyopewa na ukimya wa Zahra.

Kuna sehemu moja ambayo wanangu waliipita bila ya kuijali. Baba yao anavunja sukari ya msikiti, amana aliyopewa ya kuandalia chai. Zahra anamletea chai isiyo na sukari. Anamwambia sukari hiyo hapo mbele yako. Baba anakataa, sukari ile ni ya msikiti. Zahra yupo, anasikia. Baadaye anaviona viatu vyake miguuni mwa mwanafunzi mwenziwe. Anamfuata hadi kwao, kisha anarudi na Ali. Wakiwa wamejificha wanamwona baba wa yule mtoto akitoka mlangoni, kipofu, anaongozwa na binti yake. Wawili hawa wanatazamana na kurudi zao bila ya kusema lolote. Ali alikuwa na sababu ya kudai, kwa kuwa yeye ndiye aliyepoteza. Lakini miguu iliyokuwa ikiaibika kila asubuhi ilikuwa ya Zahra, na yeye ndiye aliyekubali kuviacha.

Nikaamua, basi, kwamba binti yangu ameshinda. Ningalipenda makala yangu yaishie hapa, lakini kuna jambo la nyumbani kwetu.

Marehemu baba yetu alifariki nikiwa darasa la nane, na dadangu yuko kidato cha pili. Hakukuwa na kikao wala mashauri. Wiki ya pili ya eda ya mama, dada aliacha kwenda shule. Akawa anaamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri, na jua likichomoza kapu lake lilikuwa limekwisha kutoka. Karo yangu ya kidato cha kwanza hadi cha nne, na ya chuo cha ualimu baadaye, ilinukia hiliki. Sare nayo haikununuliwa. Sketi yake ya shule ndiyo iliyopunguzwa ikanienea mimi, na aliyeikata na kuishona ni yeye mwenyewe, ameketi cherehani akiniambia nisimame wima nisitikisike.

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza na wasichana waliokuwa wakihitimu, niwasimulie safari yangu. Nilizungumza kwa dakika 20. Nilisema juu ya taa ya kandili, juu ya kutembea kwa miguu, juu ya kujitahidi na kumtegemea Mola. Walinipigia makofi, na baadhi ya akina mama walilia. Dada alikuwa amekaa nyuma, kwani chakula cha shughuli ile yeye ndiye aliyekipika. Katika dakika zile 20 nilimtaja kwa sentensi moja, na naikumbuka: “Dadangu alikuwa akitusaidia nyumbani.”

Akitusaidia! Niliposikia filamuni mtoto wa kiume akipigiwa makofi, na kamera ikamfuata hadi nyumbani, ikamwonyesha Zahra akimtazama miguu, akifahamu kwamba viatu havikuja, kisha akaitwa na mama yake akaondoka, niliifahamu sentensi yangu ilikuwa nini. Filamu inabaki na Ali. Inatuonyesha akitia miguu yake yenye malengelenge katika kidimbwi cha uani, na samaki wanamzunguka. Ni picha nzuri sana. Zahra huyo amekwenda ndani kwenye kazi.

Jumapili nilikwenda kwa dada na kompyuta yangu nikamwambia nataka tutazame kitu pamoja. Alitazama akiwa anachambua mbaazi. Alicheka Zahra alipopewa penseli, na kwenye kisa cha sukari alisema “Masha Allah” kwa sauti ya chini. Mbio zilipokaribia kwisha mteja alibisha hodi, akatoka, na filamu ikamalizika yeye yuko mlangoni akihesabu chenji.

Aliporudi nilimwambia yote niliyoyaandika hapa. Nilimwambia kwamba ile haikuwa safari yangu, kwamba mwenye hadithi ni yeye, na nikamwomba radhi kwa ile sentensi. Nilikuwa nikilia kidogo. Yeye alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka, na kicheko chake hakikuwa kifupi.

“Mdogo wangu,” akasema, “ile sentensi niliisikia, na mchuzi ulikuwa unakaribia kuungua, sikupata nafasi ya kuudhika. Lakini tafadhali usinitie katika hadithi yako nikaja kuonewa huruma na watoto wa shule. Wewe wafikiri mimi nilikaa miaka yote nikingojea viatu? Siku nyingine nililia. Siku nyingi nilifurahi kuwa na pesa mkononi na wenzangu hawana. Nyumba hii nimeijenga kwa mahamri. Watoto wangu wanne wamesoma kwa mahamri. Hadithi yangu mimi ninayo, na wewe umo ndani yake, ila huna sehemu kubwa.”

Sikujua niseme nini. Nilikuwa nimekuja kumpa cheo, na kumbe cheo hicho hakikuwa changu kukitoa. Kisha akauliza, “Na yule mama mwenye mgongo mbovu, mbona huna neno juu yake?” Kweli, sikuwa na neno.

Baada ya kitambo nikamwuliza, “Na sketi, dada?”

Hakujibu upesi. Aliinuka akapunguza moto, akakoroga sufuria ambayo kwa nionavyo haikuhitaji kukorogwa.

“Sketi iliniuma,” akasema.

Alileta sahani ya mahamri, akaketi karibu yangu kuliko alivyokuwa amekaa mwanzo, akaniuliza kama yule mtoto mwishowe alivipata viatu vyake, kwani yeye alikuwa mlangoni. Nikamwambia kwamba baba yao alikuwa amekwisha kuvinunua, vimefungwa nyuma ya baiskeli, lakini filamu inakwisha kabla hajafika nyumbani.